Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Filamu na Tamthilia Ninazozitetea na Ninazozikataa

Maswali haya nimeyasikia kwa ndugu, majirani, wanafunzi na watu niliokaa nao mbele ya luninga mpaka usiku wa manane. Majibu ni maoni yangu, na kila maoni nimejaribu kuyawekea sababu ili anayenipinga ajue pa kunishika. Tahadhari moja: nasimulia miisho. Filamu haiwezi kujadiliwa sawasawa huku umefumba jicho moja.

## Ya msingi

Unaipimaje filamu? Nzuri kwako ni ipi?

Kabla ya yote natazama jambo moja: mhusika akishaamua, uamuzi wake unamgharimu nini? Filamu inayomwachia mtu wake afanye atakalo, halafu ikamfutia deni dakika ya mwisho kwa ndoto, kwa muujiza au kwa polisi waliotokea bila kuitwa, imenipotezea usiku. Inayoshikilia gharama mpaka mwisho naisamehe mengi. Sauti ikikwaruza, taa ikiwa hafifu, mwigizaji akiwa mgeni wa kamera, yote hayo nayavumilia.

Ndiyo maana filamu ya mamilioni ya dola na mkanda uliopigwa kwa wiki moja Sinza naziweka kwenye mizani ileile. Sipimi pesa. Napima kama aliyeandika alimheshimu mtu wake kiasi cha kumwacha alipe.

Filamu yako bora kuliko zote ni ipi?

*Mother India* ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Wanaonijua wamechoka kunisikia, lakini sijapata ya kuishinda.

Radha, anayeigizwa na Nargis, anaolewa kijijini. Mama mkwe amekopa kwa Sukhilala ili harusi ifane, na kwa kuwa hakuna anayejua kusoma, deni linakula mazao mwaka hadi mwaka. Mume anapondwa mikono na jiwe, hawezi kuvumilia kulishwa na mkewe, anaondoka na harudi tena. Mafuriko yanakuja, njaa inakuja, na Sukhilala anakuja na chakula mkononi akitaka mwili wa Radha kama malipo. Radha anakataa huku watoto wanalia njaa.

Mmoja wa watoto hao ni Birju. Anakua na hasira dhidi ya mkopeshaji, anakuwa jambazi, na siku ya harusi ya binti wa Sukhilala anarudi kulipiza kisasi na kumteka msichana. Hapo ndipo Radha anaposhika bunduki na kumwonya mwanawe. Birju haamini kama mama yake atafyatua. Anafyatua.

Watu huniambia ni mama katili. Mimi naona mwandishi aliyefuata hesabu yake mpaka mwisho. Mwanamke aliyekataa kuuza heshima yake ili kumlisha mtoto huyu hawezi kumruhusu mtoto huyohuyo aichukue heshima ya msichana mwingine, hata kama msichana ni binti wa adui. Filamu nzima imejengwa ili risasi ile isiwe na njia ya kuikwepa, na baada ya risasi anamkumbatia. Hakuna ndoto. Hakuna daktari wa kutuambia atapona.

Nianzie wapi kama sijazoea kutazama filamu kwa makini?

Anza na fupi. *Supa Modo* ya Kenya haifiki saa moja na nusu. Kisha *Neria* ya Zimbabwe, kisha *Nairobi Half Life*. Ukifika *Sholay*, tenga jioni nzima, maana inapita saa tatu. Zote nimezieleza hapa chini.

Ukumbi wa sinema, luninga au simu?

Ukumbi, palipo na ukumbi. Filamu za Kihindi za zamani zilipigwa kwa ajili ya pazia kubwa na umati unaojibizana nalo. Wazee wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa walizitazama hivyo, na wakizungumzia Raj Kapoor hadi leo wanakumbuka pia nani alikaa kiti cha jirani na nani alilia. Simu inafaa kwa tamthilia. Kwa filamu inaua nyuso, na nusu ya uigizaji iko usoni.

## Za Kihindi na za mapigano

Si kweli kwamba steringi hafi?

Imani hiyo tulilelewa nayo: steringi hata apigwe risasi ngapi, anainuka. Mdogo wako akilia mbele ya runinga unamtuliza kwa neno hilo. Kisha tukaoneshwa *Sholay* ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, na Jai akafa.

Jai ni Amitabh Bachchan, Veeru ni Dharmendra, wezi wawili walioajiriwa na Thakur, polisi wa zamani aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh. Katika kila mvutano Jai anarusha sarafu ili bahati iamue. Mwishoni, daraja linahitaji mtu mmoja wa kubaki nyuma kuwazuia maadui. Sarafu inarushwa, Jai "anashinda" na anabaki. Baada ya kifo chake Veeru anaiangalia sarafu ile na kukuta pande zote mbili zinafanana. Haikuwa bahati hata mara moja. Kila safari Jai alikuwa ameshaamua, na mara ya mwisho aliamua kufa.

Kinachoniuma zaidi ni Radha, mkwe mjane wa Thakur. Kila jioni anazima taa moja baada ya nyingine huku Jai, upande wa pili wa uwanja, anapiga kinanda chake cha mdomo. Karibu hawazungumzi. Jai alipoanguka, mwanamke huyu alifiwa mara ya pili, na safari hii hana hata haki ya kuitwa mjane wake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwisho uliozoeleka si ule uliopigwa mwanzo. Sippy alipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar. India ilikuwa chini ya hali ya hatari, wakaguzi hawakutaka mtu ajichukulie sheria mkononi, ikabidi polisi waingie kumkamata jambazi. Kwangu mwisho wa awali ndio wa haki. Thakur alilipa kwa mikono yake na karibu familia yake yote, alistahili kumaliza mwenyewe.

Nyimbo za filamu za Kihindi hazikuchoshi?

Hapana. Wimbo mzuri wa Kihindi unasema lile ambalo mhusika haruhusiwi kulisema mbele ya wazazi. Waswahili wa pwani walilielewa hilo mapema. Waimbaji wa taarabu, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mbele yao, walichukua mahadhi ya Kihindi wakayatilia mashairi ya Kiswahili, na watu wakalia kwa maneno yao wenyewe. Kinachonichosha ni wimbo uliopachikwa kwa sababu dakika ishirini zimepita bila wimbo. *Kuch Kuch Hota Hai* ya 1998 ina nyimbo ninazozipenda sana, lakini hadithi yake siiamini. Mtoto mdogo anaachiwa kazi ya kupanga mapenzi ya baba yake, na mchumba mwema anaachia bibi harusi kwa tabasamu, kana kwamba hakupoteza kitu.

Za Kichina je? Zote si ngumi tu?

Tazama *The 36th Chamber of Shaolin* ya mwaka 1978, ya Lau Kar-leung. Sehemu kubwa ya filamu ni mafunzo: Gordon Liu anabeba maji, anaanguka majini, anagonga vichwa, anajaribu tena. Mikono inauma na tunaiona ikiuma. Akihitimu vyumba thelathini na vitano vya mafunzo vya hekalu la Shaolin, anaomba chumba cha thelathini na sita, cha kuwafundisha watu wa kawaida nje ya hekalu, na wakubwa hawapendi. Kijana yeyote aliyewahi kuwa fundi mwanafunzi gereji ataijua filamu hii.

Rambo na Commando?

*First Blood* ya 1982, Rambo ya kwanza, ni filamu ya huzuni kuhusu askari aliyerudi kwao akakuta hana nafasi. Iheshimu. Zilizofuata ni za risasi. *Commando* naitazama kwa furaha, na sina la kuijadili.

## Za Tanzania

Bongo Movie imekufa?

Soko la DVD ndilo lililokufa. Kuna wakati filamu mpya zilitoka mfululizo, mabango ya Ray, JB, Wema Sepetu na Irene Uwoya yakajaa Kariakoo, na akina mama Bujumbura, Lubumbashi na Muscat walizitafuta kwa sababu zilizungumza lugha yao. Wizi wa kazi ulikula faida, intaneti ikaja na video za bure, na wengi wa waigizaji walewale sasa wako kwenye tamthilia za luninga. Vipaji havikupotea.

Kilichonisikitisha zama zile ni miisho. Mume mlevi anampiga mke muda mrefu, halafu anaugua, analazwa, anaomba radhi, muziki unapanda, mke anasamehe. Gharama yote kabebeshwa mwanamke, na filamu inataka tushangilie. Riyama Ally aliigiza wanawake wa namna hiyo kwa uchungu uliozidi muswada aliopewa. Nilitamani apewe mwisho unaomstahili.

Kwa nini filamu moja iliuzwa kama Sehemu ya Kwanza na ya Pili?

Biashara. Kopi mbili zinauzwa mara mbili. Ilizaa matembezi marefu ya gari barabarani na simu zisizokwisha, na imeharibu hadithi nyingi zilizotosha dakika tisini.

Kanumba alikuwa mwigizaji mzuri kweli, au tunamsifu kwa sababu alikufa kijana?

Alikuwa mzuri, na alikuwa bado anapanda. Steven Kanumba alitokea Kaole, kundi la maigizo lililotoa nyota wengi wa kizazi chake, na alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Dar es Salaam ilisimama kumzika.

Alikuwa na kitu ambacho hakifundishiki kwa urahisi: alijua kusikiliza. Mwenzake akizungumza, Kanumba hakungoja tu zamu yake. Uso wake ulikuwa unapokea. Alikuwa pia na kiu ya kutoka nje. *Dar 2 Lagos* ya 2006 ilimkutanisha na Mercy Johnson wa Nigeria, na ilionyesha watayarishaji wa hapa kwamba milango ya Nollywood inagongeka. Filamu yenyewe ina sehemu zinazolegea, na baadhi ya kazi zake za Kiingereza zilimfunga mdomo, maana Kiswahili chake kilikuwa na mapigo ambayo Kiingereza hakikumpa. Ningetoa mengi kumwona akiigiza mtu mzima wa miaka arobaini chini ya mwongozaji mkali.

Vuta N'Kuvute: kitabu au filamu?

Vyote viwili, kitabu kwanza. Riwaya ya Adam Shafi inajulikana kwa kila aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na sita. Filamu ya Amil Shivji ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, kisha ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Hadithi ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa asikotaka, anakimbia na kuangukia mikononi mwa Mwajuma na kisha kwa Denge, kijana anayepigania uhuru.

Waliotoka ukumbini wakilalamika walilalamikia ukimya. Wana hoja. Riwaya ni ya mazungumzo. Shafi anaandika watu wanaotaniana, wanaodanganyana, wanaomzungusha Inspekta Wright mpaka anachoka, na utani huo ni silaha yao dhidi ya Mwingereza. Shivji ameuweka kando utani mwingi, akachagua vichochoro, mwanga wa taa usiku na nyuso mbili zinazotazamana bila kusema. Mara ya kwanza nilimkosa Denge mcheshi wa kitabuni.

Hata hivyo naitetea filamu kwa nguvu zote, kwa sababu haikumpunguzia Yasmin hata senti. Kukimbia ndoa kunamtoa kwao. Kumpenda Denge kunampa mtu ambaye polisi watamchukua siku yoyote. Uhuru wa nchi na uhuru wa msichana vimewekwa pamoja, na filamu haidai kwamba kimoja kitakileta kingine bila jasho. Na kusikia Kiswahili cha Unguja kikibeba filamu nzima mbele ya dunia, bila kuomba ruhusa, kulinipa fahari ambayo sijaipata kwa filamu nyingine ya nyumbani.

Binti inastahili sifa ilizopata?

Inastahili. *Binti* ya Seko Shamte, ya 2021, ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix, na ina wanawake wanne wa Dar: mwenye madeni ya biashara, mchumba wa mwanamume mkatili, mama anayelea mtoto mwenye mahitaji maalumu, na anayetafuta mtoto bila kumpata. Ya madeni na ya utasa ni bora. Ya mchumba mkatili ilihitaji muda zaidi, kwa kuwa hofu ya namna ile haieleweki kwa robo saa.

Tamthilia gani ya Tanzania ungeihifadhi kama ungeruhusiwa moja?

*Siri ya Mtungi*. Ilianza 2012, ikapigwa Bagamoyo, na ilikusudiwa kufundisha afya: uzazi wa mpango, virusi vya UKIMWI, wapenzi wengi kwa wakati mmoja. Kwa kawaida tamthilia yenye somo hunikimbiza. Hii iliachia somo lijitokeze kwa matokeo. Cheche, mpiga picha kijana, ana mke anayempenda na macho yasiyotulia, na kila alipojificha palikuja kumdai baadaye. Hakuna mtu aliyesimama kuhutubia. Bagamoyo nayo ilionekana kama mji wenye watu, wavuvi na majungu, si ufukwe wa watalii.

*Jua Kali* ya Lamata naifuata kwa ajili ya waigizaji wake wa kike. *Huba* niliipenda mwanzoni. Ilipoendelea, watu walianza kusahau makosa waliyotendewa msimu uliopita (tazama jibu kuhusu urefu, chini ya tamthilia za nje).

Kuna filamu ya Tanzania ambayo watu wameisahau isivyo haki?

*Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001. Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa asiyesema, na daktari Mmarekani mweusi anakuja kumtibu na kujikuta yeye ndiye anayehitaji kutibiwa. Lihamba anabeba filamu karibu bila maneno. Haina haraka, na asiyeamini habari za mizimu atahitaji kuiacha ifanye kazi yake.

## Za Kenya

Nairobi Half Life: kwa nini unaisifu filamu inayotukuza wizi?

Haiutukuzi. Naijibu kwa kirefu kwa sababu nasikia shutuma hii kila mara.

Filamu hii ya David "Tosh" Gitonga, ya 2012, ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka Oscar. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza mikanda na kuwaigizia wateja sehemu za mapigano ili wanunue. Anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza ananyang'anywa kila kitu, anakamatwa, na rumande anaamrishwa kusafisha choo ambacho mtazamaji anatamani kugeuza uso. Anakisafisha kama aliyepewa jukwaa. Katika tukio hilo moja tumeshajua ni mtu gani: atakubali chochote, na atakifanya vizuri. Sifa hiyo ndiyo itakayompeleka kwenye genge la Oti na ndiyo itakayompeleka kwenye tamthilia ya jukwaani.

Maisha mawili hayo yanakwenda sambamba, na filamu inamruhusu adhani anaweza kuyashika yote. Kisha marafiki zake wanauawa na yeye anaponea chupuchupu. Usiku huohuo anapanda jukwaani na kuigiza mbele ya watu waliolipa kiingilio, wasiojua anatoka wapi. Wanapiga makofi. Mwas amepata alichokuja kukitafuta, na hakuna aliyebaki wa kumwambia. Anayeona utukufu hapo, aitazame tena.

Supa Modo inafaa kwa mtu aliyefiwa na mtoto?

Mwulize kwanza, usimshtukize. Filamu ya Likarion Wainaina, ya 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa anayependa mashujaa wa filamu, na tunajua mapema kwamba hatapona. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini ana nguvu za ajabu. Ninachokipenda ni mama. Anapinga mchezo huo kwa sababu anaona ni uongo, na filamu haimdhalilishi kwa kupinga. Nimewaona waliofiwa wakiipokea kama faraja. Nimemwona pia mmoja aliyeondoka kimya katikati.

Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tausi: ni kumbukumbu tu, au vilikuwa vizuri?

Vilikuwa vizuri. Mzee Ojwang wa *Vitimbi*, yaani Benson Wanjau aliyefariki 2015, na Mama Kayai walikuwa na mapigo ya maneno ambayo wachekeshaji wengi wa leo hawana, kwa sababu walitoka jukwaani, ambako kicheko kisipokuja unakisikia hakiji. *Tausi* ilivuka mpaka, na Watanzania wengi wa umri wangu waliitafuta KBC, luninga ya taifa ya Kenya, kwa kuzungusha antena juu ya paa.

Una maoni gani kuhusu filamu zinazopigwa marufuku, kama Rafiki?

*Rafiki* ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Naamini mtu mzima aachiwe aamue. Weka alama ya umri, eleza kilichomo, basi. Kama filamu, ni changamfu kwa rangi na nyepesi kwa muswada. Baba za wasichana, wanaoshindana kisiasa, walihitaji hadithi yao wenyewe.

## Tamthilia za nje

Sultan: kwa nini mama yangu hapokei simu ikianza?

Kwa sababu ni ya wanawake wanaopigania kubaki hai, na mama yako anajua kitu kuhusu hilo. Tamthilia hii ya Kituruki, iliyotengenezwa 2011 hadi 2014, ilitufikia kwa sauti za Kiswahili kupitia Azam TV. Hurrem anaingia kasri la Suleiman akiwa mateka, na kila ngazi anayopanda anaipanda juu ya mtu. Mahidevran, mama wa mrithi, anashuka kadiri Hurrem anavyopanda. Aliyezoea nyumba ya wake wenza hahitaji maelezo.

Kwangu kilele ni Ibrahim Pasha. Rafiki wa ujana wa Suleiman, mtumwa aliyepanda mpaka akawa waziri mkuu, anayeanza kuamini kwamba mamlaka aliyokopeshwa ni yake. Historia inasema aliuawa 1536 kwa amri ya rafiki yake, na tamthilia ilichukua muda mrefu kutufikisha hapo kwa hatua ndogondogo: neno la kiburi, cheo kimoja zaidi, kimya cha Suleiman mezani. Baada ya kifo hicho Suleiman anaishi na alichofanya, na uso wa Halit Ergenç haukurudi kuwa ule wa mwanzo.

Baada ya hapo ililegea. Meryem Uzerli aliondoka mwaka 2013, na Vahide Perçin akachukua nafasi ya Hurrem. Perçin ni mwigizaji hodari na mwenye haiba ya malkia mzee, lakini moto ulihama na mwenzake.

Kwa nini unasema tamthilia ndefu zinajiua?

Kwa sababu ya kusahau. Tamthilia inayotakiwa kujaza jioni mwaka baada ya mwaka haiwezi kumwacha mtu alipe, maana akilipa ataondoka, na akiondoka watazamaji watamfuata. Hivyo wafu wanarudi, mapacha wanazuka, kumbukumbu zinapotea hospitalini. *Isidingo* ya Afrika Kusini, tuliyoizoea kupitia ITV, ilihimili miaka mingi kwa kuwa hadithi yake iliuzunguka mgodi: watu walikuwa na kazi, wakubwa na mishahara, kwa hiyo matatizo hayakuisha kwa kubuniwa.

Ile ya Doudou ya Kichina?

Nyepesi na ya kweli. Mke mmoja, mama wakwe wawili, Beijing. Ilioneshwa TBC kwa Kiswahili, na ilipendwa sababu ugomvi wa mama mkwe hauhitaji pasipoti.

## Wageni wakituchora

Hatari! na Out of Africa: niziache?

Zitazame, huku ukihesabu Waafrika wanaozungumza. *Hatari!* ya Howard Hawks, ya 1962, ilipigwa Tanganyika, chini ya Meru, na waigizaji, John Wayne akiwemo, walikimbiza wanyama kwelikweli. Mbio zile zinasisimua hadi leo. Wenyeji wamo kama wabebaji. *Out of Africa* ya 1985 ilipata Oscar saba na ni nzuri kwa macho. Malick Bowens kama Farah, mtumishi wa mhusika mkuu, ana heshima tele katika sehemu ndogo aliyopewa, na mimi ningefuata kamera ikimfuata yeye nyumbani kwake.

The Last King of Scotland?

Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya Idi Amin, na Oscar yake ilikuwa halali. Tatizo ni daktari Mskoti wa kubuni aliyewekwa katikati. Waganda waliokufa wanakuwa mandhari ya safari yake.

Kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda nitazame ipi?

*Sometimes in April* ya Raoul Peck, ya 2005. Ilipigwa Rwanda kwenyewe, na inauliza swali gumu kati ya ndugu wawili: aliyepoteza familia na aliyetangaza chuki redioni.

Neria bado ina la kusema?

Ndiyo. Filamu hii ya Zimbabwe ya miaka ya 1990 inaonyesha shemeji akinyakua nyumba, kitabu cha benki na watoto wa mjane. Neria anashinda mahakamani, lakini amani na ukoo haimrudii yote. Nimewaona wajane wakitoka kuitazama na kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi.

## Ya pembeni

Unatazama filamu zilizotafsiriwa na DJ, yaani msimulizi anayezungumza juu ya picha?

Za mapigano, ndiyo. Lufufu alipofungua njia hii Tanzania, na DJ Afro alipoishika Kenya, walimpa filamu mtu ambaye maandishi ya chini yalikuwa yamemfungia nje. Wanaongeza, wanabuni, wanampa adui jina la mtaani, na kibanda kizima kinacheka pamoja. Kwa *Mother India*, hapana. Pale kimya kina kazi, na msimulizi hukijaza.

Watoto waruhusiwe lini kutazama filamu za huzuni?

Mapema kuliko tunavyodhani, mkikaa nao. Risasi na damu ndizo ninazozichelewesha.

Nimepewa filamu ya nyumbani kwenye flashi. Ni dhambi?

Mtengenezaji hakupata shilingi hapo. Ikiwa inapatikana kwa kulipia, lipia. Ikiwa ni ya zamani isiyouzwa popote, itazame, kisha mtafute aliyeitengeneza. Wengi wako mitandaoni na watakueleza namna ya kuwalipa.

Filamu za hali halisi unazikubali? Darwin's Nightmare ilitudhalilisha au ilisema kweli?

Nazikubali, na kwa hii nimegawanyika. Hubert Sauper aliipiga Mwanza, ikatoka 2004, ikifuata sangara wanaosafirishwa Ulaya kwa ndege huku waliobaki wakikaanga vichwa na mifupa. Serikali ilikasirika, na watu wa Mwanza wengi walisema mji wao haukuonyeshwa soko, shule wala harusi. Wana haki. Lakini mlinzi wa usiku na wale watoto wa mtaani walikuwepo, na walizungumza wenyewe, kwa maneno yao. Nawashauri vijana wa Kanda ya Ziwa wenye kamera waipige upya wao: waanze na mwanamke anayenunua mabaki ya sangara alfajiri kiwandani, wamfuate mpaka mahesabu ya jioni.